Mambo Kumi ya Barabara ya Vumbi: Nini Ubadilishe Kwanza Ukitaka Kupiga Picha Magari ya Mbio

"Kaka, ninunue kamera gani?" Swali hili haliishi vijiweni Njoro. Anauliza kijana aliyetoka kupiga picha za kipaimara. Anauliza dada mwenye studio ya picha za pasipoti. Anauliza hata yule ambaye kamera yake ni simu iliyopasuka kioo. Wote wameona picha moja ya gari la mbio likiwa hewani, vumbi limetanda nyuma yake, na wote wameshaamua kwamba kinachowazuia ni kamera.

Kwanza tuelewane kuhusu Njoro. Nasema Njoro yetu, kata ya Manispaa ya Moshi, siyo ile ya kaunti ya Nakuru, Kenya. Tofauti hiyo inauma kidogo, kwa sababu Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 iliweka makao Naivasha, na barabara zake za Soysambu na Elmenteita zimo ndani ya kaunti yao. Wao wanasikia injini, sisi tunahesabu nauli. Lakini sisi tuna mlima. Tutaufikia.

Haya ni mambo kumi ya kuboresha, tukishuka kutoka lile linaloweza kusubiri hadi lile la kwanza kabisa. Kamera imo. Haipo pale unapodhani.

10. Begi na kitambaa

Najua ulitaka tuanze na kitu kinachong'aa. Subiri. Ukishuka kutoka mjini kuelekea mashamba ya miwa ya TPC wakati wa kiangazi, vumbi linaingia kwenye soksi ukiwa umefunga kamba za viatu. Linaingia pia kwenye pete ya zumu na kuisaga, na likifika kwenye sensa linaacha madoa meusi kwenye kila anga utakayopiga. Kwa hiyo usibadilishe lenzi kando ya barabara. Funga lenzi ya siku hiyo ukiwa bado nyumbani, uishi nayo. Kipulizio cha mpira, brashi laini na kitambaa kisafi vyote pamoja havifikii bei ya jogoo wa kienyeji, na bei ya jogoo Moshi mwezi wa Disemba, Wachagga wote wakiwa wamerudi nyumbani, mnaijua wenyewe.

Mvua nayo ina hesabu yake. Usitegemee mfuko wa plastiki: Tanzania iliipiga marufuku mifuko hiyo Juni 2019, Kenya ilitangulia Agosti 2017, na hakuna sababu ya kuzuiwa mpakani Namanga kwa ajili ya kitu cha kubebea nyanya. Chukua kofia ya kuogea, ile ya plastiki ya saluni. Inaifunika kamera vizuri ajabu. Dada wa saluni akishaelewa unachokifanya atakupa mbili, moja yako.

9. Kadi na betri

Kadi ya kumbukumbu iliyoandikwa GB nyingi kuliko bei yake ni wizi ulioandikwa kwa wino. Ikiwa ya taratibu, kamera inajaa katikati ya mfululizo na kugoma kubofya, halafu gari ulilolisubiri tangu alfajiri linapita mbele ya macho yako na halionekani popote kwenye kadi. Nunua mbili ndogo za jina linaloaminika, uache moja kubwa ya miujiza. Betri pia mbili, na uzichaji mapema, kabla umeme haujakumbuka kukatika.

8. Wingi wa picha kwa sekunde

Hapa vijana huwa wanasimama na kutikisa vidole. Kamera ya kuanzia kama Canon EOS 1200D hupiga picha 3 kwa sekunde. Canon 7D Mark II na Nikon D500 hupiga 10. Sasa tufanye hesabu ya shule ya msingi. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde. Kwa kamera ya picha 3, kati ya bofyo moja na jingine gari limesogea zaidi ya mita 9, yaani limekuja, limekusalimia na limeondoka. Kwa kamera ya picha 10, limesogea karibu mita 3. Nafuu kubwa, sikatai. Lakini mita 3 zinatosha kukupa picha ya gari likipanda kilima na picha ya gari likitua, huku ile ya tairi zote nne hewani ikibaki kati ya wewe na Muumba wako.

Wapiga picha waliosimama kando ya barabara za Safari enzi za filamu walikuwa na picha 36 kwa mkanda. Kwa mwendo wa picha 10 kwa sekunde, mkanda mzima ungeisha chini ya sekunde 4, na baada ya hapo ungebaki na kazi ya kubadilisha mkanda huku magari yanapita. Kwa hiyo walingoja. Walijua gari litanyanyuka wapi, wakabofya hapo. Ukishaweza hilo kwa kamera ya picha 3, mpe mwenzako ya picha 10 mshindane, uone nani anarudi na picha.

7. Tripodi

Iachie mahafali. Gari halikusubiri ukaze skrubu. Monopodi sawa, lenzi yako ikiwa nzito na mgongo wako ukiwa na umri.

6. Kamera yenyewe

Haya, tumefika. Mmevumilia vizuri kuliko nilivyotegemea.

Kamera yako ya sasa haina kosa lolote. Imekuhudumia kanisani na ukumbini, na ukumbini maharusi hutembea polepole kwa makusudi ili wewe upate riziki. Dereva wa mbio hana huruma hiyo. Kamera nyingi za kuanzia kama ile 1200D zina nukta 9 tu za kulenga, zimejazana katikati, na gari likizitoroka kamera inaanza kulitafuta mbele na nyuma mpaka mashabiki wamekunja turubai. 7D Mark II, iliyotoka 2014, ina nukta 65. D500, iliyotoka 2016, ina 153 zinazofika karibu na kingo za picha. Kwa mbio za magari hapo ndipo unapoona tofauti ya pesa yako. Ukubwa wa picha kwa megapikseli ni wa kujisifia baadaye.

Zote mbili ni kamera za kioo za kizazi kilichopita, na ndiyo maana nazipenda kwa mtu wa kipato cha kawaida: zilijengwa kwa kazi ngumu, na wenye pesa wanaziuza ili wahamie kamera zisizo na kioo. Hizo mpya zina mambo yake, nisiseme uongo. Canon R7 ya 2022 inalitambua gari lenyewe ndani ya picha na kulifuata. Ukiwa nayo, jifunze pia tabia yake. Ina shata ya kielektroniki isiyotoa sauti, ambayo husoma sensa mstari kwa mstari, na gari likipita kwa kasi linatoka limeinama, matairi yana umbo la yai. Kwenye mbio tumia shata ya kawaida, ile inayopiga kelele. Hakuna atakayekusikia, amini.

Usijinyime usingizi kwa ajili ya fulu fremu, ile ya sensa kubwa. Sensa ndogo hukata picha katikati, na lenzi ya milimita 300 inakuwa na upeo wa 480 kwenye Canon na 450 kwenye Nikon. Harusini utalalamika ukumbi haukuenei. Kando ya barabara ya mbio utashukuru.

Kuna wanaokunja pua wakisikia kamera iliyotumika. Nawakumbusha Joginder Singh. Mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imeshateswa na mbio kabla hawajaichukua wao. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mtumba ukikaguliwa na mtu anayejua, unafika mbali.

Basi kagua. Uwe Kariakoo, uwe Nairobi, uwe sebuleni kwa shemeji aliyetoka Dubai, fanya haya mbele ya muuzaji. Uliza shata imebofywa mara ngapi, kisha uhakikishe mwenyewe kwa programu ya kompyuta: shata za 7D Mark II na D500 zilitengenezwa kwa kadirio la mabofyo 200,000, na kamera ya mpiga picha wa magazeti inaweza kuwa imeshayamaliza ikiwa bado inang'aa. Piga anga tupu kwa f/16 uone madoa. Tikisa lenzi mahali inapofungwa, isicheze. Halafu toka nje ulenge bodaboda inayopita, uone kama kamera inaifuata au inaishangaa. Muuzaji akikataa usitoke nje hatua tatu, hata ukimwachia mkoba na kitambulisho, mwache na kamera yake. Wapo wengi.

5. Lenzi

Bodi ya kamera huzeeka, lenzi hurithiwa. Mangi anayejua kununua shamba anaelewa sentensi hiyo bila maelezo.

Canon walianza mfumo wa lenzi za EF mwaka 1987. Lenzi yao ya milimita 400 f/5.6L ya mwaka 1993 inafungwa leo kwenye R7 kwa kiunganishi na inafanya kazi. Nikon nao mlango wao wa F unatoka 1959. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, na kamera yako bado inawaka, nunua lenzi ndefu kabla ya bodi. Picha nyingi ninazoziona zikiwa na "tatizo la kamera" zina tatizo la gari kuwa dogo mithili ya punje ya ulezi katikati ya shamba zima.

Anza na 70-300. Ni nyepesi, inabebeka kwenye bodaboda, na inatosha kona nyingi. 70-200 f/2.8 ni lenzi ya heshima, wapiga picha wa harusi wanaijua, lakini usiuze ng'ombe kwa sababu ya hiyo f/2.8: tuko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, jua tunalo, na saa nne asubuhi utakuwa umeshafunga tundu mpaka f/8 ukitafuta kivuli. Ukipenda nyanda za wazi, tafuta 100-400. Ila kumbuka, saa saba mchana juu ya ardhi yenye joto hewa yenyewe inachezacheza, na gari la mbali linatoka limetetemeka hata kwa lenzi ya bei ya nyumba. Dawa yake ni kusogea karibu au kula chakula cha mchana.

Ile ndogo ya 18-55 uliyopewa pamoja na kamera usiiuze. Itakufaa namba 2.

4. Nauli

Hapa mtanikasirikia. Nusu ya pesa uliyotenga kwa bodi, ipeleke kwenye nauli.

Hakuna kamera inayoweza kupiga mbio usizohudhuria. Mbio za ubingwa wa taifa, chini ya Chama cha Magari Tanzania, AAT, huzunguka mikoani, na kando ya barabara ya kijijini hakuna kiingilio wala kiti cha watu maalumu. Fuatilia kalenda, ukisikia Arusha, Tanga au Iringa, panga watu wanne au watano mkodi Noah. Mmoja anajua njia, mmoja ana shangazi huko mwenye nyumba kubwa, mmoja hupika chai. Wa kupiga picha mpo tayari.

Halafu ipo Safari yenyewe, na hii naizungumza kwa moyo wote kwa sababu ilikuwa yetu sote. Ilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na kumaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza tena 7. Yaani mpiga picha wa kituo cha mwisho alikuwa na nafasi ya kulala, kuamka na kunyoa ndevu kati ya gari na gari. Na mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa Tanzania, ndani ya Peugeot 404. Peugeot! Gari ambalo wazee wetu walilijua kwa kupakia ndizi na abiria. Ukikutana na mzee wa Moshi wa umri huo, mwulize habari za 404, halafu futa ratiba yako ya mchana.

Ubingwa wa dunia uliondoka Safari baada ya 2002 ukarudi 2021, na Toyota wameigeuza Naivasha kuwa ua wa nyumba yao: Sébastien Ogier 2021, Kalle Rovanperä 2022 huku Toyota zikishika nafasi zote nne za juu, Ogier tena 2023, Rovanperä tena 2024, Elfyn Evans 2025. Ukitoka Moshi ni Arusha, Namanga, Nairobi, kisha kilomita kama 90 zaidi. Miaka ya kwanza ya kurudi mbio zilikuwa Juni, na vumbi la barabara ya Kedong, laini mno, lilimeza magari mazima. Tangu 2024 zimehamia Machi, msimu wa mvua ukikaribia au umeshafika, kwa hiyo siku moja unapiga vumbi na kesho yake tope. Magari hufungwa bomba la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele ili injini isimeze maji, na picha ya gari likikata dimbwi, bomba limesimama, maji yamefunguka pande zote mbili, hiyo ni Safari na haiwezi kuwa Finland. Tafuta malazi mapema. Wiki ya mbio hata godoro la sebuleni Naivasha linajua thamani yake.

Kuna pia East African Safari Classic ya magari ya zamani, iliyoanza 2003, na mara kadhaa imevuka kaskazini mwa Tanzania. Ukisikia inakuja, omba ruhusa kazini mapema. Sababu andika "mambo ya familia". Porsche 911 ya zamani ikipita kwa kuteleza ni ndugu wa karibu.

3. Mkono wako

Piga gari kwa 1/2000 ya sekunde na kila kitu kitaganda: mawe, vumbi, matairi. Matokeo yake gari linaonekana limepaki, na dereva anaonekana anasubiri abiria wa Himo. Ukitaka mwendo, punguza kasi ya shata na ulifuate gari kwa kamera. Gari linabaki kali, nyuma yake panavutika na matairi yanazunguka. Wapiga picha wanaita kupani. Ndiyo ufundi wote wa mchezo huu, na hauuzwi Kariakoo.

Simama miguu imepanuka kidogo, vidole vikielekea pale utakapobofya, siyo gari linapotokea. Viwiko vibane mbavuni. Kizunguke kiuno, mikono itulie. Mshike dereva kwenye kioo cha kamera akiwa bado mbali, mfuate, bofya akifika mbele yako, na uendelee kumfuata baada ya kubofya. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi: wanabofya na kusimama hapohapo, picha inakatika. Weka kamera ilenge mfululizo bila kufunga. Lenzi yako ikiwa na kituliza mtikisiko chenye hali mbili, chagua ya pili, inayotuliza juu na chini tu na kukuachia ule mwendo wa pembeni.

Anza na 1/250. Ukizoea shuka 1/125. Siku ukiwa na ujasiri shuka 1/60, na uwe tayari kufuta picha nyingi sana ili ubaki na moja. Hiyo moja utaiweka ukutani.

Na uwanja wa mazoezi unao. Barabara za Njoro zina bodaboda kuanzia alfajiri mpaka usiku, zina bajaji, zina Hiace zenye haraka zao. Ongea na mwendesha boda wa kijiweni, mnunulie chai na chapati, apite mbele yako huku na huku. Mwambie unataka picha yake, utamwona ananyoosha mgongo na kufunga kofia ngumu vizuri kuliko siku nyingine zote. Trafiki wenyewe hawajawahi kufanikiwa kiasi hicho. Ukishamweza yeye kwa 1/60, nenda barabara kuu ya Arusha ujaribu mabasi. Chagua tu mahali pa kusimama kwa akili: geti la shule ya polisi pale CCP siyo mahali pa kujifunza kupani, na uwanja wa ndege pia siyo.

2. Watu, na mlima

Gari bila mahali ni picha ya tangazo la tairi. Dunia imejaa picha kali za gari la Toyota likiwa kwenye kona. Ambayo haijajaa ni picha ya bibi wa Kahe aliyefunika uso kwa kanga wakati vumbi linapita na bado jicho moja linachungulia. Mtoto mabegani mwa baba. Fundi amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana, na wenzake wanne wanamshauri. Msoma ramani akihakiki daftari lake kabla ya kuondoka, midomo inatembea. Hapo ndipo ile 18-55 yako inapotoka begini.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na alianza na Box Brownie iliyotumika, kisanduku kisicho na mengi ya kurekebisha. Mwaka 1963 alifungua Camerapix. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia. Alikuwa na vifaa vizuri kufikia wakati huo, lakini kilichomfikisha pale ni jicho lililozoea kuwatazama watu tangu ana kisanduku. Lizoeze lako sasa, kabla ya bodi mpya.

Ukimpiga mtu picha, mrudishie. Ichapishe ndogo, mpelekee. Mbio zijazo mtaa mzima utakuonyesha pa kusimama, na utapewa na kigoda.

Sasa mlima. Mita 5,895, na watu wanakwenda kupiga magari wakiwa wameupa mgongo! Kilimanjaro hujionyesha asubuhi na mapema, kisha huvaa mawingu, na mara nyingi hurudi kuchungulia jioni. Kwa hiyo barabara za tambarare kusini mwa mji zipige alfajiri, ukitazama kaskazini. Watu hutumia lenzi pana ili mlima "uenee", na mlima unageuka kichuguu. Fanya kinyume. Rudi nyuma, mbali na barabara, tumia lenzi ndefu. Gari litabaki na ukubwa wake na kilele cha Kibo kitasogea mpaka kikae juu ya paa la gari. Siku ukiipata hiyo, ikiwa na theluji juu, vumbi katikati na gari chini, nipigie simu hata kama ni usiku.

1. Mahali pa kusimama

Hapa utani unapungua, lakini upendo unaongezeka.

Tarehe 5 Machi 1986, kwenye mbio za Ureno, gari la Joaquim Santos liliacha barabara likaingia kwenye umati uliokuwa umeibana njia. Watazamaji watatu walikufa. Mei mwaka huohuo, kisiwani Corsica, dereva Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto wakafa ndani ya gari lao. Magari ya Kundi B, yaliyokuwa na nguvu kupita kiasi, yakafutwa kuanzia msimu wa 1987. Picha za wakati ule zipo: watu wamesimama katikati ya barabara, wanaruka pembeni gari likiwa limeshafika. Wengine wameshika kamera.

Gari likishindwa kona, huenda upande wa nje. Hapo usisimame hata ukiona watu wazima na heshima zao wamesimama. Kaa upande wa ndani, juu ya kingo iliyoinuka, na zaidi kabla ya kona kuliko baada yake. Usikae mtaroni. Usilale chini, hata kama picha ya chini ni tamu, kwa sababu aliyelala hakimbii. Angalia nyuma yako kabla magari hayajaanza: njia ya kutorokea iwe wazi, isiwe na seng'enge, shimo wala jiwe la kujikwaa. Jicho moja liwe kwenye kamera, jingine liwe wazi. Usiipe barabara mgongo wakati wowote ili uangalie picha uliyopiga. Mwongozaji akikwambia sogea, sogea kwanza, kisha msalimie.

Vumbi nalo lina upande. Chukua mchanga kidogo, uangushe uone upepo unauelekeza wapi, kisha simama kule upepo unakotoka. Waliosimama upande wa pili wataona gari la kwanza tu, mengine yote watayasikia. Upande wako utapata gari safi, vumbi likikimbilia nyuma yake na kando, na kama ni jioni jua likilipenya vumbi hilo kutoka nyuma, acha kuongea na mtu yeyote.

Fika mapema uitembee kona nzima kwa miguu kabla barabara haijafungwa. Tafuta jiwe linalotoka ardhini, mahali pa breki, kigongo ambako gari litakuwa jepesi. Lipate hilo kwa miguu na kamera yoyote uliyonayo itakutosha kwa siku hiyo. Kisha gari la sifuri la waandaaji litapita kwa kasi kuhakikisha njia ni salama. Hilo nalo lipige, ni nafasi ya bure ya kupima mwanga na mkono. Baada yake wanakuja washindani, kwa zamu, na kati yao kuna dakika za kupumua na kubishana nani ana lenzi ndefu. Usivuke barabara katika dakika hizo, hata ukiitwa na aliyeleta mahindi ya kuchoma. Ngoja gari la mwisho la waandaaji, lile linalofunga mbio, lipite. Mahindi yatakuwepo.